Mega ni mega: maneno yetu juu ya bei ya intaneti

 

Tunaanza na RAM, kwa sababu wengi wamekwisha kuisahau. Mwezi wa 9 mwaka 2020, serikali ilianza kukata pesa ndani ya yunite zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Ilikatwa kidogo kidogo. Unaweka yunite ya kupigia mama, unakuta ingine imeisha kwenda. Walisema ni ya kupiganisha wizi wa simu na simu za bandia. (Mwizi hakusikia hata habari.) Wanainchi wakapiga kelele, wabunge wakamuita waziri ajieleze, na mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Kwa hiyo tunajua: bei ya mawasiliano haianguke toka mbinguni kama mvua. Kuna watu wanaiamua, na wanaweza kubadilisha.

Sasa neno la leo ni forfe. Kuna mega za intaneti yote, bei yake inauma, na kuna mega za WhatsApp ao Facebook tu, bei ndogo. Wengi wetu hapa tunanunua zile za pili, na hakuna haya ndani yake. Lakini mutazame inayofuata. Ndugu anakutumia habari ya gazeti. Unagusa, inazunguka, haifunguke. Umesoma kichwa tu, na kile kichwa unakituma kwa watu makumi mawili.

Mukumbuke Nyiragongo, tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Siku tano nyuma yake tukaambiwa sehemu kubwa ya Goma ihame. Watu wakakimbilia Sake, wengine Rwanda, na watoto mgongoni. Kwa simu kulikuwa sauti juu ya sauti: moto uko chini ya muji, gazi itatoka ndani ya ziwa. Zingine zilikuwa onyo la kweli la wakubwa, zingine uongo mtupu. Nani alikuwa na mega za kufungua tangazo lenyewe na kuhakikisha? Na ni wakati ule ule RAM ilikuwa inakatwa.

Tunachoomba kinaitwa usawa wa rezo. Ukilipa kwenye bariere, barabara haikuulize kama unaenda soko ao universite. Inde walifanya hivyo: mwezi wa 2 mwaka 2016 walikataza makampuni kuweka bei tofauti kufuatana na kile mtu anafungua, na Free Basics ya Facebook ikafunga kule.

Kati yetu kuna wenye hawakubali. Wanasema: mukiondoa forfe ya WhatsApp, mutanyima maskini hata kile kidogo. Wana haki. Ndiyo maana tunasema bei ya intaneti yote ishuke kwanza, kisha ubaguzi ukatazwe. Kabo ya baharini ilifika Muanda tangu 2013. Mpaka leo mwanafunzi wa huku Mashariki anahesabu mega kama mtu anayehesabu chumvi.

Na tusidanganyane, hii inagusa uhuru pia. Kisha uchaguzi wa 2018, intaneti ilikatwa toka tarehe 31 mwezi wa 12, karibu wiki tatu. Mkono uliozoea kukuchagulia cha kufungua hautasumbuka kufunga vyote.

Tunataka ARPTC itangaze wazi: kwa kila franka ya mega, kodi ni ngapi, kampuni inabaki na ngapi. Tunataka maagizo ya kutumikisha sheria ya 20/017 ya 2020 yaandike usawa huo bila kuzunguka, na yakataze kukata intaneti. Barua iko tayari, iko pale kwenye meza. Musome kwanza, musisaini bila kusoma. Kundi moja litaipeleka kwa wabunge wa mkoa, na wenye kutaka kwenda pamoja nasi waache majina kwa dada aliyeshika daftari.