Bembea na Merigo za Watoto: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kikatwe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nyamache)



Likitajwa neno merigo, kila mmoja wetu hapa anafikiria pesa: wiki hii tunampa huyu, wiki ijayo mwenzake. Leo tunazungumza juu ya merigo ile nyingine, ile ya chuma inayozunguka na watoto, pamoja na bembea. Sababu mnaijua. Vikundi kadhaa vimetuambia kwamba wauzaji wa vyuma chakavu wamewaletea vifaa vya michezo vilivyoondolewa mjini, vinauzwa kwa kilo, ili viwekwe kwenye nasari. Rangi inang'aa, watoto wameshaviona, na akina mama wameanza kuchanga. Sasa mnatuuliza: tununue au tusinunue?

Kuna vipande vya kununua, na kuna vipande ambavyo hata ukipewa bure usivipokee. Lakini kabla ya kushika kipande chochote, uliza kwa nini kiliondolewa kule kilikokuwa. Muuzaji atasema eti wenyewe walitaka vipya. Pengine ni kweli. Lakini chuma kinachozungushwa na kutikiswa kila siku huchoka, na uchovu wake hauonekani kwa macho.

Wenzetu wa ng'ambo wamelijua hili muda mrefu. Gurudumu kubwa la kwanza la kupandisha watu, alilojenga George Ferris kule Chicago mwaka 1893, lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi. Halikufika miaka 15. Mwaka 1906 lililipuliwa kwa baruti na vyuma vyake vikauzwa kama chakavu. Lile la Vienna, lililojengwa mwaka 1897, lingali linazunguka mpaka leo. Liliungua mwaka 1944 wakati wa vita, na walipolitengeneza walirudisha vibanda 15 peke yake badala ya 30 vya mwanzo, ili kupunguza uzito. Sisi tunaipenda akili hiyo. Chuma cha zamani kinaweza kuendelea na kazi, lakini kipewe kazi ndogo kuliko ile ya kwanza.

Basi, fremu ya bembea, yaani mapaipu yake, inaweza kununuliwa ikiwa nzima. Gonga paipu kwa nyundo ndogo kutoka juu mpaka chini. Mahali sauti inapobadilika na kuwa butu, paipu imeliwa na kutu kwa ndani, hata kama nje imepakwa rangi mara tatu. Mvua yetu hapa Kisii haina likizo, na maji hukaa ndani ya paipu upande wa chini. Ukishaisimamisha, simiti ya kwenye mguu iinuke kidogo na iteremke pande zote ili maji yasisimame hapo. Wenye nguzo za blugamu wachimbe kidogo kuzunguka nguzo na kuichoma kwa bisibisi chini ya udongo. Nguzo huoza na kuliwa na mchwa pale pale inapoingia ardhini, na juu ikabaki nzuri ya kuvutia.

Sehemu zilizochomelewa na welda ndizo za kuogopa zaidi. Ufa mdogo hujificha chini ya rangi. Kuna njia ambayo mafundi wa reli walikuwa wakiitumia kukagua ekseli za mabehewa, na haihitaji mashine yoyote. Toa rangi pale kwenye kiungio. Paka mafuta taa, ngoja kama dakika 15, kisha pangusa mpaka pakauke kabisa. Saga chaki na unyunyize unga wake hapo. Kama kuna ufa, mafuta taa yaliyoingia ndani yatatoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiona mstari, usikubali fundi akupakie rangi akuambie iko sawa. (Hiyo rangi ya zamani nayo, usiikwangue kwenye uwanja wa nasari. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Kwangua mbali, ukiwa umeilowesha, kisha osha mikono.)

Sasa cheni. Hapa hatuna maneno mengi: cheni ya mtumba usinunue. Hebu tufanye hesabu. Mtoto wa kilo 20 akikaa ametulia, cheni mbili zinabeba kilo 20. Akibembea kwa nguvu mpaka karibu usawa wa boriti, anaporudi na kupita pale chini zinabeba kama kilo 60. Na bembea haipandwi na watoto wa nasari peke yao. Jumapili watu wakitawanyika, vijana wakubwa hupanda wawili wawili, mmoja ameketi na mwingine amesimama nyuma yake, na mtu akisema wanacheka.

Cheni huisha pale ambapo pete mbili husuguana, na mahali hapo panaonekana tu ukiilegeza. Watu wengi wa kukagua cheni huikataa ikishapoteza sehemu moja kwa kumi ya unene wake. Cheni iliyokuwa milimita 8, ikibaki 7 mahali pamoja tu, imekwisha kazi. Boliti za zamani ni hivyo hivyo: nunua mpya, pamoja na nati mbili mbili au kotapini, kwa sababu mtikiso wa bembea hufungua nati kidogo kidogo usiku na mchana.

Beringi ya merigo ni mahali pa kutumia masikio. Zungusha bila mtoto yeyote. Ikikwaruza, au kiti kikicheza juu na chini ukikishika kwa mkono, beringi imekwisha. Fundi wa magari anaweza kukutafutia nyingine. Lakini mwambieni kabla ya kununua merigo yenyewe, kwa sababu kama ukubwa ule haupatikani Kisii, mtakuwa mmenunua meza ya mviringo.

Hapo tunakumbuka merigo za maji za Afrika Kusini. Watoto wazunguke wakicheza, na maji yapande kwenye tangi. Wazo lilipendwa sana, na mwaka 2006 wafadhili wa Marekani walitangaza mpango wa kuweka 4,000 kabla ya mwaka 2010. Mtambo mmoja ulikuwa unafika dola 14,000. Katika vijiji kadhaa pampu ya mkono iliondolewa ili kuweka hii. Ilipoharibika, wanakijiji hawakuweza kuifungua wenyewe, wakangoja fundi wa mbali. Na watoto walipochoka au walipokuwa darasani, akina mama ndio waliozungusha, wameinama. Mwaka 2010 shirika lile la Marekani liliacha kazi hiyo. Tunasimulia haya si kwa kucheka mtu. Tunataka kila kikundi kiulize swali moja kabla ya kuchanga: hiki kikivunjika, spea tutaitoa wapi, na nani hapa kijijini ana spana ya kukifungua?

Juu ya vipimo, shikeni viwili. Nafasi yoyote kati ya vyuma isiwe kati ya sentimita 9 na 23, kwa maana mwili wa mtoto hupita hapo na kichwa kinabaki. Na chini ya bembea pasiwe simiti wala udongo uliokanyagwa ukawa mgumu. Wekeni mchanga au vipande vya mbao kufikia sentimita 30, na mwongeze kila vinapotawanyika. Tunajua mchanga ni ghali huku kwetu, lakini ni afadhali bembea moja yenye mchanga kuliko tatu juu ya mawe. Wanaotumia tairi kama kiti watoboe matundu upande wa chini, maji yasikae yakazalisha mbu, na waache tairi zenye waya uliochomoza.

Limebaki jambo la vipande vilivyostaafu. Cheni mbovu ukiiuza nzima, kesho itapakwa rangi na kurudi kwenye nasari ya jirani. Kwa hiyo ikate. Beringi mbovu ipasue. Fremu yenye ufa ikatwe pale penye ufa, mbele ya kamati. Vipande vifupi vya cheni vinafaa kufungia ng'ombe au geti, na mbao za viti zinafaa kwa banda la kuku. Kinachobaki kiuzwe kwa mwenye leseni, na kikundi kipewe risiti. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inadai leseni hiyo, na Januari 2022 Serikali iliifunga biashara yote kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kuharibu nguzo za stima. Hata mnaponunua, dai risiti. Hamtaki kukutwa na paipu ya maji ya shule nyingine iliyogeuzwa bembea.

Tunapendekeza kila kikundi kichague watu wawili wa kukagua: asubuhi ya kila Jumatatu kwa macho na mikono, na mwisho wa kila muhula kwa spana, grisi na chaki. Wanachoona waandike kwenye daftari, na tarehe. Wakikuta ubaya wowote, bembea ifungwe juu kwenye boriti siku hiyo hiyo, watoto walie kama wanalia. Pesa ya cheni na grisi itengwe tangu mwanzo. Vikundi vyenye merigo ya pesa vinaweza kutoa zamu moja kwa mwaka iwe ya merigo ya watoto.

Vikundi ambavyo vimeshalipa arubuni, msichukue mzigo bado. Leteni kipande kimoja cha cheni na mtuambie upana wa beringi, tuviangalie pamoja na fundi kabla ya kumaliza malipo. Chaki tunazo, mafuta taa mje nayo.