Kufuli Nalo Lina Mdhamini Wake

Mtu anapofungua tovuti ya benki au barua pepe, anwani huanza na herufi https. Wengi tukiziona huridhika kwamba hapo pana usalama. Leo nauliza: usalama huo kaudhamini nani?

Ulinzi huo una sehemu mbili. Kwanza, maneno hufumbwa ili aliye njiani asiyasome. Pili, tovuti hutoa cheti kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe, si tapeli aliyejipachika jina. Vyeti hutolewa na mashirika ambayo kompyuta zetu zimeelekezwa kuyaamini. Sehemu ya pili ikikosekana, ya kwanza haifai kitu: utakuwa unamnong'oneza siri mwizi mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2011, huko Uholanzi, wavamizi waliingia katika mitambo ya kampuni ya kutoa vyeti iitwayo DigiNotar, wakajitolea vyeti bandia zaidi ya 500. Kimoja kilikuwa cha jina la Google. Aliyekuwa nacho alikaa katikati ya njia akajifanya Google, na anwani za kompyuta zipatazo 300,000, karibu zote za Iran, zikanaswa. Katika nchi ambako maandishi yaweza kumfikisha mtu gerezani, hilo si jambo la mzaha.

Kampuni iligundua uvamizi mwezi Julai, lakini haikuutangazia umma. Aliyeufichua ni mtumiaji mmoja wa Iran. Mwezi Agosti programu yake ya kusomea tovuti, Chrome, ilimwonya kuwa cheti kina kasoro. Hakulipuuza onyo; aliuliza hadharani. Mwezi Septemba, DigiNotar ikafilisika.

Baadaye mafundi walianzisha madaftari ya wazi ya kuorodhesha vyeti, ili cha bandia kionekane mapema. Tangu mwaka 2018, Chrome hudai kila cheti kipya kiwe kimeorodheshwa humo.

Lakini daftari halimsaidii anayepuuza onyo. Tuna haraka ya kutuma fedha. Onyo likitokea, tunabonyeza "endelea". Mlinzi wa usiku akipiga filimbi, hatumkaripii kwa kutukatizia usingizi; tunaamka kutazama mlangoni. Basi onyo la cheti likitokea, simama. Usiandike neno la siri. Waulize wahusika kwa simu au kwa njia nyingine unayoiamini.