Mgonjwa wa Saratani Naye Anahitaji Kujua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumzie jambo lolote ninaloona lina manufaa. Pengine mlitazamia mtumishi wa Serikali azungumzie kazi na nidhamu. Mimi nimechagua saratani. Sidhani kama wako wengi humu ambao koo zao hazijaguswa na ugonjwa huu. Hata hivyo mimi si daktari, wala sitazungumzia dawa. Nitazungumzia habari: yale ambayo mtu aliyegundulika kuwa na saratani anahitaji kuyajua, na jinsi sisi jamaa zake tunavyomnyima.

Tiba imesogea karibu nasi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa saratani walilazimika kusafiri kiasi cha kilomita 550 hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali ile ilijengwa na Wajerumani, ikafunguliwa mwaka 1897, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani. Mwaka 2016 KCMC nayo ilifungua kituo chake cha saratani, na sasa mtu wa Marangu au Kibosho aweza kupata dawa za saratani na kurudi kwake. Tiba imekaribia, ila habari bado haijamfikia mgonjwa.

Tazameni desturi yetu. Mama anapelekwa hospitali na mwanawe aliyesoma. Majibu yakitoka, kijana ndiye anayeitwa pembeni, na mama anabaki kwenye benchi. Kijana akirudi husema, "Mama, ni vidonda vya tumbo tu." Husema hivyo kwa mapenzi. Lakini mama ana macho: anaona watoto wanakutana usiku, anaona ng'ombe anauzwa. Kwa kuwa haambiwi, anaokota habari sokoni na kilabuni: kwamba saratani huambukiza, kwamba ikiguswa na kisu huenea, kwamba mionzi ni kuchomwa moto.

Mwaka 2011 tuliona wenyewe maelfu ya watu wakipanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wapate kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Siwacheki waliokwenda. Yule mzee alimwambia kila mtu kwa lugha nyepesi anywe nini, alipe kiasi gani na atarajie nini. Mgonjwa aliyetoka hospitali bila kuambiwa lolote angeachaje kwenda?

Shangazi yangu alipatwa na saratani ya shingo ya kizazi mwaka 2013. Aliambiwa tu kwamba ana kidonda na kwamba atapelekwa Dar es Salaam. Alikataa katakata kwa miezi miwili. Nilipokuja likizo aliniuliza, "Baba, kwa nini mnataka nikachomwe ugenini?" Muuguzi mmoja jirani yetu ndiye aliyeketi naye jikoni. Alimweleza kwamba atalala juu ya kitanda dakika chache, mashine haitamgusa wala kumuunguza kama moto. Kwamba atakwenda siku tano kila juma kwa majuma kama matano. Kwamba atachoka na pengine ataharisha. Na kwamba akirudi ataweza kuwapakata wajukuu bila kuwadhuru. Shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Ningaliambiwa hivi mwanzo, ningalikwisha panda basi zamani." Alikwenda, akatibiwa, akarudi, akaishi miaka minne zaidi kwenye kihamba chake. Miezi ile miwili hatujui ilimgharimu nini.

Mgonjwa basi anahitaji kujua mambo gani? Kwanza, jina la ugonjwa na umefikia hatua gani kati ya zile nne. Pili, kama tiba inakusudia kuuponya au kuutuliza, na kama ni upasuaji, dawa au mionzi. Tatu, mwili utafanya nini: nywele zaweza kunyonyoka, na homa ikimshika anapotumia dawa za saratani asingoje asubuhi, arudi hospitali mara moja. Nne, siku ngapi, fedha kiasi gani, atalala wapi, na ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali iko mlango upi kwa asiyejiweza. Tano, kwamba maumivu si ya kuvumiliwa kimya: ipo mofini ya kunywa, na inafaa kuiulizia.

Wako watakaosema kwamba mgonjwa akiambiwa atakata tamaa. Ni kweli kwamba wengine hawapendi kujua yote, na hiyo nayo ni haki yao. Basi na aulizwe yeye mwenyewe angependa kuambiwa kiasi gani, na nani awepo. Mwenye maradhi ndiye mwenye kuchagua. Isitoshe, mtu mzima ana mambo ya kutengeneza: kihamba atamwachia nani, deni la nani halijalipwa, mtoto gani wa mbali aitwe. Tukimficha, tunamnyang'anya muda wa kuyatengeneza akiwa na nguvu zake.

Ninyi vijana, msidhani mambo haya ni ya wazee peke yao. Nyumbani kwenu mara nyingi ninyi ndio mnaosoma cheti cha hospitali, na ninyi ndio mnaomgeuzia bibi maneno ya daktari kwa Kichagga. Kazi hiyo ni kubwa. Usipunguze neno, usiongeze neno. Kabla ya safari, keti na bibi umuulize anataka kujua nini, uandike maswali yake kwenye daftari, siyo yako. Mbele ya daktari, mwombe aseme na bibi, nawe ufasiri. Majibu yaandike, umsomee jioni, umwulize ameelewaje.

Shule hii ilitufundisha kusoma na kuandika kwa gharama ya kahawa ya wazazi wetu. Wanapougua, hatuna budi kuwarudishia angalau hilo: kuwasomea kilichoandikwa juu yao.