Mgeni, Nguruwe na Ng'ombe: Mambo ya Kujua Kabla Banda Halijajaa

(Hotuba kwa wakazi, siku ya wafugaji wadogo)



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi wapo wageni waliolipokea jembe hilo. Wametoka nchi za mbali, wameoa au kuolewa hapa, wakaanzisha shamba dogo lenye nguruwe wachache na ng'ombe wachache. Mgeni atakayezungumziwa leo si mtu mmoja. Ni mfano uliokusanywa kutokana na mambo ambayo maafisa wa mifugo hukutana nayo mashinani. Kila mfugaji aliyeketi hapa, mgeni au mwenyeji, ataona sehemu ya boma lake ndani yake.

Mgeni huyu ametoka Uholanzi. Mkewe ni mzaliwa wa hapa. Wana ekari tatu, ng'ombe watatu wa maziwa, nguruwe wanne wa kuzaa na dume mmoja. Wana kijana mmoja wa kazi, ambaye mama yake anakaa ng'ambo ya kijito na ana nguruwe wawili wa kwake.

Kwanza ni suala la ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa njia ya ukodishaji tu, na muda wake usizidi miaka 99. Shamba la kilimo lina kizuizi kingine. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inaitaka bodi ya ardhi ikatae kutoa idhini ardhi ya kilimo inapouzwa, inapohamishwa au inapokodishwa kwa asiye raia, isipokuwa kuwe na msamaha wa Rais. Kwa hiyo mkataba wa kupeana mikono chini ya mti, hata ukishuhudiwa na wazee kumi, haumlindi mgeni wala mwenyeji aliyepokea pesa. Mgeni wa mfano huu alilijua hilo. Shamba liko kwa jina la mkewe, naye mwenyewe akaenda Idara ya Uhamiaji kutengeneza karatasi zake kabla ya kununua hata ndama mmoja. Wapo waliojenga banda kwanza na kuuliza sheria baadaye, na banda likabaki tupu.

Jambo la pili ni kuuliza wenyeji. Nchi hii ina historia ndefu ya wageni waliofika na mifugo yao wakaona inateketea. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alipochukua ardhi kule Njoro, mifugo yake ilidhoofika kwa sababu nyasi za pale zilikuwa na upungufu wa madini. Wamaasai walikuwa wakiiepuka sehemu hiyo. Nguruwe wa walowezi nao walikufa kwa wingi, na mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery akachapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua. Ndio unaoitwa leo homa ya nguruwe ya Afrika. Ngiri wa mbugani huishi na virusi hivyo bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa akivipata, kwa kawaida hufa. Ugonjwa ambao sasa umefika Ulaya na Asia ulielezwa kwanza hapa kwetu.

Mgeni huyu alikuwa amekulia kwenye ng'ombe. Aliwajua kwa macho na kwa mikono. Lakini Uholanzi hakuna kupe wa masikio wa kahawia anayeeneza ndigana kali. Alipomleta ng'ombe wake wa kwanza, mtamba wa Friesian, alipanga kumfungulia malishoni mchana kutwa kama alivyozoea kwao. Kaka ya mkewe alimzuia langoni.

"Shemeji," alimwambia, "huyu umpeleke wapi? Zebu wa hapa hula kule na kurudi. Huyu wako atarudi na homa."

Alisema kweli. Ng'ombe wa kigeni na machotara hudhurika zaidi na ndigana kuliko zebu waliozaliwa penye kupe. Dalili zake ni homa kali, tezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, kukohoa na kupumua kwa shida. Dawa ipo, ila ni lazima itolewe mapema. Ng'ombe aliyeanza kutoa povu puani, mara nyingi mwenyewe amechelewa. Kinga ni kumnyunyizia dawa ya kupe kila wiki, bila kuruka wiki kwa sababu ya mvua au matanga, au kumchanja. Chanjo ya ndigana, iliyotokana na utafiti wa Muguga, hutolewa mara moja na mtaalamu aliyefunzwa. Mgeni alijenga zizi, akapanda nepia robo tatu ya ekari, akawachanja wote watatu.

Kwenye nguruwe alidhani hana la kujifunza. Hesabu yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Nguruwe hubeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ukiongeza wiki sita za kunyonyesha na wiki moja ya kusubiri joto, unapata takriban siku 163. Hiyo ni mizao miwili kwa mwaka. Nguruwe wanne, mizao miwili, watoto wanane waliofika kuachishwa kila mzao: ni watoto 64 kwa mwaka.

Hesabu ambayo wengi husahau ni ya tumbo. Nguruwe 30 wanaokua, kila mmoja akila kilo 2, humaliza kilo 60 kwa siku. Hilo ni karibu gunia zima la kilo 70. Gunia moja leo, moja kesho, moja kesho kutwa, na mnunuzi hajafika. Hapo ndipo mfugaji huanza kutafuta cha bei rahisi. Mgeni naye alipobanwa, alikubali kuchukua makombo ya hoteli moja ya sokoni. Kijana wa kazi aliyaleta kwa ndoo mbili kila jioni. Yalipaswa kuchemshwa. Siku za kuni mbichi hayakuchemka.

Jumatatu moja asubuhi nguruwe mmoja hakuamka kula. Jumanne wakawa watatu, wana homa, masikio na tumbo vimegeuka rangi nyekundu ya kuiva. Jumatano wawili walikuwa wamekufa. Jioni hiyo dalali alifika na pikapu. Habari za vifo zilikuwa zimemfikia kabla hazijamfikia chifu. Alisema atawachukua wote 36 waliobaki, wagonjwa na wazima, kwa nusu ya bei, na usiku huo huo watakuwa wameshavuka mpaka wa kaunti.

Wafugaji, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Nusu ya bei ya nguruwe 36 si pesa ndogo. Ni karo ya shule na deni la agroveti. Mgeni alikuwa na hofu nyingine pia: alijiona yuko nchi ya watu, na kwamba akipiga ripoti ataambiwa yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Mkewe alikaa kimya. Aliyesema ni kijana wa kazi, akiwa amesimama kando na ndoo yake.

"Mama," alimwambia mwenye shamba, "wakipita njia ile, watapita kwa mama yangu."

Dalali aliondoka na pikapu tupu. Usiku huo mkewe alimpigia simu daktari wa mifugo wa wadi.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuripotiwa amtenge na atoe taarifa haraka. Kumhamisha ni kosa. Na sababu yake inaeleweka. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, wala hakuna chanjo yake inayotumika hapa Kenya. Virusi husafiri ndani ya nguruwe hai, ndani ya nyama yake, kwenye makombo yasiyochemshwa, kwenye gambuti, kwenye magurudumu na kwenye gunia lililotumika. Pikapu moja ikipita usiku inaweza kumaliza mabanda ya tarafa nzima.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu haumwambukizi binadamu, wala ng'ombe. Lakini hiyo si ruhusa ya kula mzoga. Nyama isiyokaguliwa ina hatari zake, na kila kipande kinachobebwa kwenda nyumbani hubeba virusi kwenda kwa nguruwe wengine.

Sampuli zilichukuliwa, eneo likawekwa karantini, na ndani ya siku chache nguruwe wote walikuwa wamekufa au wameuawa na kuzikwa kwenye shimo refu. Banda lilisuguliwa kwa sabuni, likapigwa dawa, likaachwa wazi kwa miezi. Hakuna aliyewarudishia gharama. Lakini nguruwe wawili wa ng'ambo ya kijito walipona, na wa majirani wengine pia. Na ng'ombe watatu walikuwa pale pale. Wawili walikuwa wakikamuliwa, na maziwa yakaendelea kwenda kwenye chama cha ushirika kila asubuhi. Maziwa hayo yalilipa mshahara wa kijana. Hiyo ndiyo faida ya kufuga vyote viwili kwa kiasi: nguruwe huleta pesa kwa mkupuo, ng'ombe huleta kidogo kila siku, na mmoja akianguka mwingine hushika nyumba.

Baada ya hapo majirani walifanya jambo moja. Badala ya kumsema mgeni sokoni, walikwenda kukaa naye. Wakakubaliana utaratibu ambao kila mfugaji wa nguruwe katika kaunti anaombwa aufuate:

1. Nguruwe wakae bandani, wasizurure. Ua uzuie pia nguruwe pori na mbwa waliobeba mizoga.

2. Langoni pawe na karai la dawa ya kukanyagia, na gambuti za bandani zisitoke nje ya banda. Mnunuzi na gari lake wabaki nje ya lango.

3. Makombo yenye nyama yasilishwe nguruwe. Makombo mengine yachemshwe kwa dakika 30 yakitokota. Kuni zikiwa mbichi, siku hiyo wapewe majani na pumba.

4. Nguruwe mpya atengwe kwa siku 30 kabla ya kuchanganywa na wengine. Dume asitembezwe boma hadi boma.

5. Mnyama asisafirishwe bila kibali cha daktari wa mifugo, na asichinjwe nje ya kichinjio kinachokaguliwa.

6. Kila boma liwe na choo, na kitumike. Nguruwe anayekula kinyesi cha binadamu huweza kupata tegu, na mayai ya tegu hiyo yakimwingia mtu huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Kwa upande wa ng'ombe, mambo ni machache lakini hayana likizo. Ndama anywe maziwa ya mwanzo ndani ya saa sita baada ya kuzaliwa. Kiwele kioshwe kwa maji safi na kikaushwe, na michirizi ya kwanza ikaguliwe kwenye kikombe cheusi. Ng'ombe mwenye mimba aachwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasipelekwe ushirika mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Na maji yawepo mbele yake usiku na mchana, kwa sababu maziwa mengi ni maji.

Kwa wageni waliopo hapa leo: ujuzi mliokuja nao una thamani, nao wenyeji wako tayari kujifunza kwenu. Lakini ardhi hii ina kupe wake, mvua zake na sheria zake. Ulizeni kabla ya kununua. Mwandikeni kijana wa kazi kwa masharti yanayoeleweka na mlipeni kwa wakati, maana yeye ndiye huona mnyama mgonjwa kwanza. Akiogopa kulaumiwa, atanyamaza.

Kwa wenyeji: mgeni akipiga ripoti ya ugonjwa, hajawaletea aibu. Amewakinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika ufugaji kifo hicho hakiishii kwa aliyeficha.

Udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni jukumu ambalo Katiba imeipa kaunti. Maafisa wa mifugo wako katika ofisi za wadi. Ukiona nguruwe wawili wamekufa kwa siku mbili, au ng'ombe ana tezi zilizovimba, usingoje siku ya soko. Nenda ofisini, au mwambie chifu au msaidizi wake akupigie simu.

Banda la mgeni wa mfano huu lina nguruwe tena. Alianza na wawili tu, walionunuliwa kwa kibali na kutengwa mwezi mzima. Aliyewachagua ni yule mama wa ng'ambo ya kijito.

Meza ya maswali iko upande wa kulia, karibu na hema la chanjo.