Anza na Kosa: Mwanafunzi Anapowafundisha Wenzake Hisabati kwa Video

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wanafunzi wa ualimu wa hisabati



1. Utangulizi

Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania, hisabati ndilo somo linaloangusha watahiniwa wengi kuliko mengine. Mwaka 2021 na 2022, waliofaulu somo hili walikuwa takriban mmoja kati ya kila watano. Wengi wa wale wanne waliobaki hawakushindwa siku ya mtihani. Walipotea miaka kadhaa nyuma, kwenye jambo dogo kama sehemu au alama ya hasi, wakaona aibu kuuliza, na somo likaendelea bila wao.

Tunaweza kuwafikia wenzetu hao kwa video fupi tunazorekodi kwa simu zetu wenyewe. Hoja yangu ni moja. Mwanafunzi hamzidi mwalimu kwa ujuzi, lakini bado anakumbuka mahali alipopotea, na hiyo ndiyo nguvu yake. Basi video yake ianzie hapo, kwenye kosa, na kanuni ifuate baadaye.

2. Somo kutoka kwa Salman Khan

Mwaka 2004 Salman Khan hakuwa mwalimu. Alikuwa mchambuzi wa masuala ya fedha mjini Boston, Marekani, na binamu yake aliyekuwa akisoma New Orleans alikwama kwenye kubadili vipimo. Khan akaanza kumfundisha kwa simu na intaneti, kisha ndugu wengine wakajiunga. Mwaka 2006 alianza kuweka masomo yake YouTube, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Khan Academy, shirika la masomo ya bure mtandaoni.

Kuna jambo katika habari hiyo ambalo tusilipite haraka. Khan amesimulia kwamba ndugu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa kwenye video kuliko akiwa mbele yao. Sababu yake kila mmoja wetu anaijua. Video unaweza kuisimamisha. Unaweza kuirudisha nyuma mara tano bila mtu kuguna wala kucheka, na unaweza kurudia somo la darasa la tano ukiwa kidato cha tatu pasipo yeyote kujua. Tunaambiwa tangu utotoni kuwa kuuliza si ujinga, lakini darasani, mbele ya wenzako sitini, msemo huo hausaidii sana. Video humpa mwanafunzi faragha ya kutojua.

3. Kwa nini tuanze na kosa

Wengi wetu tunapotengeneza video ya kwanza tunaiga kitabu: tunataja kanuni, tunatoa mfano, tunatoa zoezi. Video inakuwa safi, na mtazamaji anasema ameelewa. Mwaka 2008, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, Derek Muller alichunguza video za fizikia za aina hiyo. Wanafunzi walizisifu kuwa ni rahisi na zinaeleweka, lakini hazikubadili sana majibu yao. Walioonyeshwa video inayotaja kwanza mawazo potofu na kuyajadili waliona imewachanganya, ila walijifunza zaidi. Mtu mwenye wazo potofu akisikia maelezo sahihi hudhani yanathibitisha kile alichokuwa nacho kichwani.

Chukueni 1/2 + 1/3. Wengi huandika 2/5, kwa kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Video yangu kuhusu sehemu inaanza kwa kuandika jibu hilo waziwazi, halafu nauliza: nusu ya mkate ni kubwa au ndogo kuliko 2/5 ya mkate? 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Tulikuwa na nusu, tukaongeza theluthi, mkate ukapungua? Nanyamaza kidogo ili mtazamaji ashangae. Baada ya hapo ndipo nakata mkate katika vipande sita vilivyo sawa, vitatu vya nusu na viwili vya theluthi, tunapata 5/6. Sasa kutafuta asili inayofanana kuna maana machoni pake, kwa sababu ameona kinachotokea tusipoitafuta.

Mfano wa pili ni MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tuliikariri sote shule ya msingi na inasaidia. Lakini mpe mwanafunzi 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi bila kuelewa atajumlisha kwanza 4 na 3, apate 7, kisha atoe na kubaki na 3. Muulize hivi: ulikuwa na shilingi 10, ukatumia 4, ukapewa 3, unazo ngapi? Hakuna mtoto aliyewahi kutumwa dukani atakayesema 3. Jibu ni 9, kwa sababu alama ya kutoa ni ya 4 peke yake. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, tunavifanya kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha hali kadhalika.

Wa tatu huonekana sekondari: (a + b)² kuandikwa a² + b². Chora shamba la mraba lenye upande wa 3 + 2. Eneo lake lote ni 25, lakini 9 + 4 ni 13. Zile 12 zimekwenda wapi? Mchoro unaonyesha vipande viwili vya pembeni, kila kimoja 6, ambavyo mwanafunzi alivisahau. Akishaviona, 2ab inakuwa ardhi aliyoikanyaga.

4. Lugha ya video

Katika shule nyingi za msingi za serikali, mtoto wa Tanzania hujifunza hisabati kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza somo linageuka Kiingereza. Nimekutana na wanafunzi waliokuwa hodari wa KDS darasa la sita, lakini sekondari wakakwama kwenye LCM, wasijue kuwa ni rafiki yao wa zamani, Kigawe Kidogo cha Shirika. Hawakuwa wamesahau hisabati. Walikuwa wamebadilishiwa majina.

Kwa hiyo napendekeza tueleze wazo kwa Kiswahili, kisha tuandike ubaoni neno la Kiingereza kama linavyotokea kwenye karatasi ya mtihani, ili mwanafunzi ashike yote mawili. Kwamba Kiswahili kinaweza kazi hii si jambo la kubishaniwa. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam na zilizoanza kurushwa mwaka 2014, zimewafundisha watoto hisabati kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili.

5. Utengenezaji

Vifaa si kikwazo kikubwa. Simu moja, karatasi nyeupe, na kalamu nene ya wino mweusi vinatosha. Weka simu juu ya rundo refu la vitabu, kamera ikitokeza ukingoni na kutazama chini, ili waone mkono ukiandika. Rekodi mchana karibu na dirisha, kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Zima laini ili usipigiwe katikati. Chagua saa ya utulivu, maana mtazamaji atavumilia picha hafifu lakini sauti iliyomezwa na mvua kwenye bati hataivumilia.

Iwe fupi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua karibu vipindi milioni 7 vya utazamaji wa video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Waligundua kuwa muda wa kawaida wa mtu kutazama hauzidi dakika 6, hata video ikiwa ndefu kiasi gani, na kwamba mwandiko unaojengeka hatua kwa hatua huvuta zaidi kuliko slaidi. Basi kosa moja, video moja.

Ufupi pia ni huruma kwa mwenye bando dogo. Dakika 8 zilizorekodiwa kwa ubora wa 1080 zinaweza kukaribia gigabaiti 1; zikishushwa hadi 360 zinabaki megabaiti chache kwa kila dakika. Andika herufi kubwa, zitasomeka hata kwa ubora huo. Na asiye na intaneti apewe video kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu.

6. Uhakiki

Hapa naomba tuwe makini. Katika moja ya video zangu za mwanzo nilihamisha −3 kwenda upande wa pili wa mlinganyo bila kubadili alama. Nilipogundua, nilikuwa nimeshaituma kwenye kundi la WhatsApp la kidato cha pili, nao walishaisambaza kwingine. Niliifuta kwangu, lakini kwenye simu za watu nisiowajua sikuweza. Kuna mwanafunzi huenda alijifunza kosa kutoka kwangu, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu siku hiyo sitoi video kabla mwenzangu mmoja hajafanya hesabu yote upya kwenye karatasi yake na mwalimu mmoja hajaitazama.

7. Mapendekezo

(a) Kila mshiriki aanzishe daftari la makosa: yake mwenyewe na yale anayoyaona akisahihisha. Hiyo ndiyo orodha ya video za kutengeneza.

(b) Tufanye kazi wawili wawili, mmoja akirekodi na mwingine akihakiki.

(c) Kila video iishe na swali moja la kufanya, si muhtasari. Anayetazama tu hajajifunza mpaka ashike kalamu.

(d) Walimu watuonyeshe mada zinazowaangusha wanafunzi, na watusahihishe bila kutuonea haya.

8. Hitimisho

Wahenga walisema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Usiku huu kuna mwanafunzi ameandika 2/5 kwenye daftari lake na hajui kwa nini amekosa. Kesho darasani hatanyoosha mkono. Kati yetu hapa wamo walioandika 2/5 hiyo hiyo na wakatoka. Naomba tumwonyeshe walikotokea.