Vijana wetu wasome vitabu gani?

Mazungumzo pamoja na wazazi na viongozi wa familia zilizohama

 

Leo hatukuleta habari za unga wala za maturubai. Tumekuja kuzungumza juu ya vitabu, kwa sababu vijana wenyewe ndio walituomba. Wengi wao wana miaka kati ya 13 na 18, na vita imewapotezea mwaka mmoja, miwili au mitatu ya masomo. Sisi watu wa mashirika tumezoea kuwapa karatasi za kuzuia kipindupindu, karatasi za haki za mtoto, karatasi za kukataa jeuri juu ya wanawake. Zote zina kazi yake. Lakini kijana akiisha kusoma karatasi hiyo mara moja, ameimaliza. Anachotafuta ni hadithi ya mtu wa umri wake, mwenye kuogopa yale anayoyaogopa yeye, na ambaye hajui bado atakuwa mtu wa namna gani.

Vitabu hivyo vipo. Ni riwaya, zile ambazo shuleni tulizoea kuziita romani. Tunasema hasa juu ya zile zinazoeleza jinsi mtoto anavyokuwa mtu mzima, katika dunia kama ilivyo. Humo baba anaweza kuwa mlevi, vita inaweza kuingia mjini, na mtu mwema anaweza kufa.

Woga wa wazazi

Tunajua neno ambalo wazazi wengi wanalisema: "Watoto wetu wameona mabaya ya kutosha. Kwa nini muwape tena kitabu chenye mabaya?" Ni swali la mzazi mwenye upendo, na tunapashwa kulijibu vizuri.

Mtoto aliyekimbia usiku hana haja ya kufundishwa kwamba vita ipo. Anachokosa ni nafasi ya kusema juu yake bila kunyoshewa kidole. Ukimwuliza, "Wewe uliona nini njiani?", atanyamaza, au atakujibu yale anayodhani unataka kuyasikia. Ukimwuliza, "Kwa nini kijana huyu wa kitabuni aliwafuata wenzake?", ataanza kusema. Anasema juu ya mtu mwingine, na moyo wake unapata pumzi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo kitamfichua.

Tukumbuke pia kwamba wako wengine wanaowapa vijana wetu hadithi. Mwenye kuandikisha watoto katika kikundi cha silaha anawasimulia ushujaa, heshima na pesa, na hadithi yake anaikata kabla ya mwisho. Riwaya nzuri inafika mpaka mwisho.

Vitabu tunavyovipendekeza

Cha kwanza ni Siku Njema, cha Ken Walibora, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1996, kwa Kiswahili. Kijana Msanifu Kombo anakulia Tanga, huko Tanzania, kwa mama yake ambaye ni mwimbaji. Mama anafariki, na kijana anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Wangapi kati ya watoto wetu wanalelewa na shangazi au mjomba, na swali la baba wanalibeba kimya? Kiswahili chake kina maneno ambayo huku hatuyatumii, lakini vijana wakisoma wawili wawili wanasaidiana. Tunaona kinafaa kuanzia miaka 14.

Cha pili ni L'Enfant noir, cha Camara Laye wa Guinea, kilichotoka mwaka 1953. Wazazi waliofika sekondari, baadhi yao walikutana nacho darasani. Ni maisha ya mtoto wa mfua dhahabu katika mji wa Kouroussa, mpaka siku anapokwenda kusoma Conakry, na kisha Ufaransa. Mna sehemu moja tunayoipenda sana. Wavulana wanapelekwa porini usiku, wanasikia ngurumo na kuambiwa ni za simba. Baadaye wanakuja kujua kwamba ngurumo zile zilitoka kwa wakubwa wao. Wanajifunza kushinda woga, na muda wote wakubwa wao wako karibu. Kwa mvulana anayeambiwa kwamba bunduki ndiyo inayomfanya kuwa mwanaume, kurasa hizo zinafungua mazungumzo makubwa. Hata mtoto wa miaka 13 anaweza kukisoma.

Cha tatu ni Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, cha mwaka 1971. Kilikatazwa mashuleni, baadaye kikaruhusiwa. Rosa ni binti wa kisiwa cha Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na anampiga kwa sababu ya barua iliyotoka kwa mvulana. Binti anapotoka nyumbani kwenda kusoma mbali, hana shauri lolote la kumwongoza, ana kumbukumbu ya fimbo tu. Mwishoni anajiua. Kwa hiyo tunaomba kisomwe na wenye miaka 16 na zaidi, pamoja na mtu mzima, na asipewe peke yake kijana aliye katika huzuni kubwa. Na wababa wangekisoma kwanza wao.

Cha nne ni Petit Pays, cha Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura. Kilitoka mwaka 2016, na mwaka huo huo wanafunzi wa sekondari huko Ufaransa walikipa tuzo ya Goncourt des lycéens. Gabriel ana baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, anaishi Bujumbura, na kurasa za mwanzo zinafika hadi Bukavu. Anacheza na rafiki zake, wanaiba maembe ya majirani. Kisha vinakuja uchaguzi wa mwaka 1993, kuuawa kwa rais wa Burundi, na mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Watoto wale wale wa maembe wanaanza kusema juu ya silaha, na kila mmoja anatakiwa kuchagua upande. Gabriel hataki. Jirani mmoja, mama wa Kigiriki, anamwazima vitabu, na humo anapata mahali pa kujificha. Lakini kitabu hakidanganyi: siku moja wenzake wanamsukuma kufanya tendo ambalo halitamtoka moyoni. Hatujaona kitabu kingine kinachoonyesha wazi hivyo jinsi mtoto wa kawaida anavyovutwa, hatua kwa hatua, na watu anaowapenda. Miaka 15 na zaidi.

Cha tano ni kigumu kuliko vyote: Johnny chien méchant, cha Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville, cha mwaka 2002. Sura moja anasema Johnny, mwanamgambo wa miaka 16. Sura nyingine anasema Laokolé, msichana wa miaka 16 pia, anayekimbia akimsukuma mama yake katika toroli, kwa kuwa mama huyo alivunjwa miguu katika vita iliyotangulia. Johnny anajiona msomi ingawa alisoma madarasa machache tu, na anajibadilishia majina. Jina moja ni Matiti Mabé, na wenye kujua Lingala wanaelewa: majani mabaya. Mambo yale yale tunayaona kwa macho ya mwenye bunduki, kisha kwa macho ya anayekimbia. Mna mauaji na ubakaji, hatufichi. Tunakipendekeza kwa wenye miaka 17 na zaidi, na kwa ninyi viongozi. Wasichana wetu watamwona Laokolé anavyobeba familia nzima na bado anatamani masomo.

Namna ya kusoma pamoja

Vitabu ni ghali, na nakala moja inatosha kundi la watu kumi. Kwa vile vya Kifaransa, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaeleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Tunaomba mambo manne yafuatwe.

Kwanza, mtu mzima akimalize kitabu kabla ya kukileta kwa vijana. Pili, maswali yawe juu ya watu wa kitabuni. Asilazimishwe kijana yeyote kusimulia yaliyompata yeye. Tatu, anayetaka kutoka atoke, na anayelia asiachwe peke yake. Nne, pasiwe na mtu wa kutumia kitabu kushitaki kabila. Petit Pays hasa kinaweza kuamsha maneno makali mahali ambapo makabila yanakaa pamoja. Anzeni na urafiki wa wale watoto, ndipo mfike kwenye vita.

Ombi letu kwa viongozi

Tunaomba saa moja kwa juma na mahali penye kivuli. Saa hiyo iwekwe wakati wasichana wamekwisha kurudi na maji na kuni. Bila hivyo kundi litakuwa la wavulana peke yao. Waliosoma sekondari na sasa wanakaa bila kazi wanaweza kuwa wasomaji.

Hatuahidi kwamba kitabu kitamzuia kila kijana kwenda porini. Njaa, kisasi na woga vina nguvu, na kazi ya kuvipunguza ni yetu sote. Lakini kijana aliyekwisha kuufuata mwendo wa Johnny na wa Gabriel mpaka mwisho, akija mtu kumsimulia nusu ya hadithi, atajua nusu nyingine ya kumwuliza.

Sasa tunasikiliza maswali yenu.