Kabla ya Kukopa Tivi Mpya

(Maongezi na vikundi vya akina mama na vijana, Embu)

Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba mkaja. Wengine mmetoka Siakago, wengine mmekuja kwa barabara ya Nkubu na Chuka tangu alfajiri, kwa hivyo hatutawachelewesha.

Mzee mmoja ametuuliza pale mlangoni, "Nyinyi watu wa ustawi wa jamii, mambo ya tivi yanawahusu nini?" Ni swali zuri. Tutamjibu kwa kisa.

Mama mmoja wa upande wa Runyenjes, mkulima wa kahawa, alikwenda kwa kikundi chake kuomba mkopo. Kwenye fomu alikuwa ameandika "mbolea". Mwenyekiti akashangaa, maana msimu wa mbolea ulikuwa umepita. Alipoulizwa polepole, mama akasema ukweli. Tivi ilikuwa imekufa, na watoto walikuwa wanakwenda kwa jirani kila jioni. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa anarudi saa nne usiku, gizani, na mama hakuwa anapata usingizi. Alitaka kununua tivi nyingine ili binti akae nyumbani. Je, hapo utamlaumu? Sisi hatukumlaumu. Tulimwuliza jambo moja tu: "Imekufa kabisa, au inaongea?"

Akasema, "Inaongea. Habari tunasikia vizuri. Ni uso tu umekuwa mweusi."

Basi hapo ndipo penye faida ya mkutano huu. Tivi hizi za kioo bapa si kama zile za zamani zenye mgongo. Kioo chenyewe hakitoi mwanga. Kinachora picha tu, na nyuma yake kuna taa ndogo ndogo zilizopangwa kwa kanda, zinazoimulika. Mara nyingi taa hizo zimeunganishwa kwa mfuatano, kama watu walioshikana mikono. Mmoja akiachilia, mstari wote umekatika. Taa moja ikiungua, uso mzima unaweza kuwa giza na sauti inaendelea kama kawaida.

Namna ya kujua ni rahisi. Usiku, zima taa ya nyumba, washa tivi, kisha chukua tochi uimulike kioo kwa karibu, kwa upande kidogo. Ukiona watu wanatembea mle ndani kama vivuli, kioo ni kizima na picha ipo. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Mama alirudi nyumbani akafanya hivyo na binti yake, na kumbe msoma habari alikuwa pale pale! Fundi wa mjini alibadilisha kanda zote, na gharama haikufika nusu ya bei ya tivi mpya. Mama alilipa kwa pesa za maziwa, mkopo akauacha.

Tuseme hapa, kanda zibadilishwe zote pamoja. Zile zilizobaki zimechoka sawasawa na ile iliyoungua, na utarudi kwa fundi baada ya muda mfupi. Na mkifika nyumbani leo, ingieni kwenye mipangilio mpunguze mwanga wa nyuma. Tivi nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa mwanga mkali, na ukali huo huchosha taa mapema.

Sasa kama tivi haina hata ile taa ndogo nyekundu, usikimbilie fundi. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo hiyo. Haichaji? Basi shida ni soketi, au tokeni imeisha (jameni, hii imetokea, na tivi ilikuwa imeshabebwa hadi mjini kwa bodaboda). Kama soketi ni nzima, toa kile kifaa cha kukinga tivi kisha uchomeke moja kwa moja, kwa kujaribu tu, kwa maana kifaa hicho huweza kufa chenyewe kikiilinda tivi. Tazama pia waya. Kwa tivi nyingi waya unachomoka, na unafanana na ule wa redio, jaribu mwingine.

Taa nyekundu ikiwepo na tivi inakataa kuwaka, jaribu kitufe cha tivi yenyewe, ambacho hufichwa chini au nyuma ya pembe. Ikiwaka, mgonjwa ni rimoti. Ielekeze rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze; rimoti nzima huonyesha mwanga kwenye simu, ingawa macho hayauoni. Kama kitufe nacho kimeshindwa, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe hicho kwa nusu dakika, pumzika kidogo, kisha chomeka tena. Wakati mwingine huo ndio mwisho wa ugonjwa.

Wanaoona maandishi kwamba hakuna mawimbi, hiyo si tivi mbovu. Kuna mtoto amebadilisha njia ya kuingizia picha, au antena imegeuzwa na upepo. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka wa 2015, tivi ambayo haina kipokezi cha dijitali ndani haipati kitu bila dekoda.

Kioo kikipasuka, kikaonekana kama wino umemwagika, hapo tuseme ukweli: achana nacho. Bei ya kioo kipya hukaribia bei ya tivi nzima. Mistari ya kusimama ni jambo la kumwachia fundi. Inaweza kuwa waya mwembamba uliolegea, inaweza kuwa kioo chenyewe.

Ndugu zetu wa Tharaka na Mbeere wenye tivi za sola, hizo hutumia volti 12. Ukiiunganisha moja kwa moja na stima ya nyumba ya volti 240 umeiua papo hapo.

Mpaka hapa, mmeona, hatujafungua parafujo hata moja. Na hatutawafundisha kufungua. Kijana mmoja wa upande wa Igembe, hodari wa kutengeneza redio, alifungua mgongo wa tivi yao. Aliichomoa kwanza kutoka kwa stima, alikuwa na akili hiyo. Lakini ndani mna vitu vinavyoitwa kapasita, kama mikebe midogo, vinavyoweka umeme akiba. Stima ya volti 240 ikigeuzwa mle ndani hupanda zaidi ya volti 300, na kapasita hukaa nayo hata baada ya kuchomoa. Aligusa, akarushwa hadi ukutani. Tunashukuru alipona, ila kidole kiliungua hadi leo hakikunji. Mamake alituambia kwamba yeye ndiye aliyemhimiza, kuokoa pesa ya fundi. Hatukujua la kumjibu.

Kwa fundi pia nenda kwa akili. Uliza ada ya kuangalia kabla hajafungua. Piga picha ya tivi na ile namba ya nyuma. Omba upewe spea ya zamani mkononi, kwani ni yako. Andikiana naye bei na muda wa dhamana, na uione ikiwaka kwa nusu saa kabla ya kuibeba. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa hayo. Vijana, kazi hii inafundishwa, na mtu anaweza kufanya mtihani wa gredi wa NITA. Tungependa kuona wasichana pia.

Ile isiyopona msiichome shambani kutafuta shaba. Bodi za zamani zina risasi, na tivi bapa za kwanza zilikuwa na mirija yenye zebaki. Kusanyeni za kikundi pamoja. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vifaa kama hivyo.

Na mvua za Machi na Oktoba mnazijua huku mlimani. Radi ikianza, chomoa waya wa stima na ule wa antena. Wengi huchomoa mmoja tu.

Basi tupumzike tunywe chai. Baadaye fundi ataifungua hii tivi iliyo mezani, iliyoletwa na kikundi cha Manyatta, mwone taa zake. Watoto wakae upande wa dirisha. Waliokuja na rimoti watangulie hapa mbele, betri za kujaribia tunazo.